Matusi ya Mzee Gama

Fimbo ya Mzee Laurenti Gama ilitua kwenye mkono wa Mwalimu Anselmi saa nne kasoro dakika saba asubuhi, mbele ya watu kumi na wanane waliokuwa wanakunywa uji, na Balozi aliona kila kitu.

Balozi hakuwa mtu. Kwenye makaratasi aliitwa Mfumo wa Kinga ya Wakazi, lakini wazee wa Makao ya Nyalulembe walimpa jina hilo siku ile ile alipowekwa, kwa sababu kama balozi wa nyumba kumi wa enzi za ujana wao, alijua nani kalala wapi, nani kamnunia nani, na nani kala kitumbua cha mwenzake. Alikuwa na macho darini na masikio ukutani. Kila mzee alivaa kikuku cha mpira kilichopima mapigo ya moyo, jasho na joto la vidole. Mtu akianza kupandwa na hasira, kikuku kilimtetemesha taratibu mkononi, kama mama anayembembeleza mtoto, mpaka anapoa.

Safari hii kikuku hakikufua dafu, kwa sababu hapakuwa na hasira ya kupoza. Moyo wa Mzee Gama ulikuwa unapiga polepole kama wa mtu anayesubiri chai. Aliinuka, akavuka ukumbi wote kwa miguu yake ya miaka themanini na sita, akainua fimbo, akapiga mara moja, akarudi kuketi. Mwalimu Anselmi alitazama mkono wake kwa mshangao. Bibi Pudensiana Kihongosi, aliyekuwa ameketi baina yao kwenye kiti cha dirishani, alijifunika blanketi lake vizuri.

Damu ilitoka kidogo tu. Lakini kwa sheria, damu ni damu.

Sista Tusekile, muuguzi mkuu wa makao, alimfunga Mwalimu kitambaa kwa mikono yake, na aliporudi ofisini alikuta taarifa imeshafika kwenye kioo cha meza: *Daraja la Tatu. Mkazi: Gama, L. Tiba: punje. Muda wa kuthibitisha: kesho, saa nane mchana.*

Akakaa chini.

Punje ilikuwa kitu kidogo, si kubwa kuliko mchele mmoja. Iliwekwa nyuma ya sikio kwa dakika kumi, bila maumivu, na ikishaota mizizi haikutoka tena. Kazi yake ilikuwa kuziba njia ambayo hasira hupandia kichwani. Walioitengeneza walisema kweli kwamba inafanya kazi. Ambacho hawakukisema kwa sauti kubwa ni kwamba kicheko na nyimbo hupanda kwa njia hiyo hiyo. Mzee Chengula wa chumba cha sita aliwekewa miaka miwili iliyopita. Zamani alikuwa sauti ya nne ya kwaya na mgomvi wa kutupa sahani. Sasa alikula akiambiwa kula, akaacha akiambiwa acha. Hakumpiga mtu tena, na hakumwita mtu kwa jina tena.

Dole gumba lililoidhinisha punje ya Chengula lilikuwa la Tusekile.

Na asilaumiwe upesi. Kabla ya Balozi, hapo hapo Nyalulembe, bibi mmoja alisukumwa na jirani yake koridoni kwa ajili ya sweta. Nyonga ikavunjika, na siku ya tisa akafa. Tusekile ndiye aliyemwosha. Baada ya mazishi alipanda hadi mkoani, akakaa kwenye benchi la wakubwa siku tatu mpaka wakakubali kumletea Balozi. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila mzee hata mmoja kuuawa na mzee mwenzake. Hilo si jambo la kuchezea, na hakuwa tayari kulichezea kwa sababu tu alimpenda Mzee Gama.

Nani asiyempenda Mzee Gama?

*

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Sista." Mzee Gama alikuwa ameketi kitandani, kofia mapajani, kama mtu anayesubiri kusafirishwa. "Wameshaileta hiyo punje?"

"Kesho. Babu, kwa nini ulimpiga Mwalimu?"

"Mkono uliteleza."

"Mkono ulitembea hatua ishirini ndiyo ukateleza?"

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Andika tu kwamba Mngoni kazeeka vibaya. Nimeendesha greda miaka arobaini, nimefyeka vilima. Kitu kidogo kama mchele kitanifanya nini?"

"Kitakufanya kama Chengula," Tusekile akasema. "Niambie ukweli nikusaidie. Nakuomba."

Mzee aligeuza kofia mapajani. Nje ukungu wa Mufindi ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai.

"Kuna neno nimelishika, lakini si langu," akasema hatimaye. "Nimeapa. Ila na mimi nikuulize. Mbona siku hizi huji?"

"Siji wapi? Si niko hapa kila siku?"

"Nikiita."

"Hujawahi kuniita, babu."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama mashine iliyokataa kuwaka bila sababu. "Haya," akasema, akavaa kofia yake.

Bibi Pude alikuwa mgumu zaidi. Alimkuta kwenye kiti chake cha dirishani, kile kiti pekee kilichopata jua la asubuhi, amejikunyata ndani ya blanketi. Aliulizwa kama Mzee Gama amewahi kumtisha, akafyonza.

"Yule mla panya? Anitishe na nini, na mkia?"

"Basi Mwalimu Anselmi alikufanya nini?"

Bibi Pude akavuta mkono wa gauni lake mpaka ukafunika kiganja. "Mwalimu ni mtu wa watu. Ana adabu." Kisha akamshika Tusekile kidole, na kidole chake kilikuwa na baridi. "Mjukuu wangu, usimwekee yule Mngoni punje. Wala usimwekee mtu yeyote. Umenisikia? Yeyote."

Tusekile alisikia. Ila alidhani ni huruma tu ya bibi kizee.

*

Mchana ule alijifungia na kumbukumbu za Balozi. Alianza na makosa ya Mzee Gama, na yalikuwa mengi kama mvua za masika: matusi mia mbili na kumi na mawili, yote kwa mtu mmoja, Bibi Pudensiana Kihongosi. Balozi aliyapanga kwa utiifu. *Tusi la kikabila. Tusi la kikabila, kwa sauti kubwa. Tusi la kikabila, likijumuisha panya au mbwa.*

"We Mhehe, umeamka? Mbwa wa jirani haonekani tangu jana, naona leo umenenepa!"

"Mngoni wee, futa mdomo kwanza, mkia bado unaning'inia!"

Tusekile alijikuta anacheka peke yake. Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipomaliza kuchinjana, na mtani ana haki ya kukwambia lolote, hata msibani, hata mbele ya askofu. Mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Balozi hakulijua, kwa sababu waliomtengeneza walikotoka hakuna utani. Tusekile aliwaandikia kuwaeleza, wakajibu kwa heshima kwamba kwenye mfumo hakuna mahali pa kuandika jambo hilo. Basi wiki sita zilizopita, alipochoka kukimbia ukumbini mara tatu kwa siku kuamua ugomvi usiokuwepo, aliizima kengele ya matusi ya Gama. Aliizima mwenyewe, kwa ruhusa yake mwenyewe, akajiona mjanja.

Aliendelea kusoma. Kila mara Gama alipotukana, moyo wa Bibi Pude ulipanda, na Balozi aliandika *hofu*. Lakini ule si mpando wa hofu. Ulipanda kwa kishindo, ukashuka kwa raha, kama mtu aliyecheka mpaka akakohoa. Sasa, kama ile ilikuwa furaha, hofu yake ilikuwa wapi?

Hofu ina njia mbili, na muuguzi yeyote aliyekaa na wagonjwa anazijua hata kama hajafundishwa. Mwenye nguvu za kukimbia, moyo wake hukimbia kwanza. Asiye na pa kukimbilia huganda: mapigo ya moyo hupungua, pumzi huwa fupi, damu hutoroka kutoka vidoleni na kurudi ndani kujificha. Balozi alifundishwa kuiona njia ya kwanza tu. Joto la vidole alilipima kila sekunde na hakulitumia, kama mtu anayeweka barua za watu kabatini bila kuzifungua.

Tusekile akazifungua. Nyalulembe kuna baridi na vidole vya kila mtu hupoa, kwa hiyo alimwamuru Balozi alinganishe vidole vya Bibi Pude na vya wenzake wa ukumbi ule ule, saa ile ile. Ilionekana wazi. Mara arobaini na moja, wengine wote wakiwa na joto, vidole vya bibi vilipoa ghafla kama vilivyochovywa kisimani.

Akauliza: nani alikuwa karibu naye?

Mwalimu Anselmi. Mara zote arobaini na moja.

Akafungua sauti. Hapakuwa na tusi hata moja. "Tafadhali, mwanangu. Inuka kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu." Kimya. "Nimesema tafadhali." Kisha pumzi ya Bibi Pude ikikatika, jinsi mtu anavyofanya akifinywa kwa kucha chini ya blanketi, macho ya darini yasikofika. "Ahsante, mwanangu." Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na Balozi alimwandikia Mwalimu Anselmi alama za juu za adabu kila mwezi.

Lakini kilichomtoa Tusekile machozi kilikuja baada ya hapo. Kila mara, katika dakika ile ile, kutoka popote alipokuwa, sauti ya Mzee Gama ilipasua ukumbi: We Mhehe! Mla mbwa wee! Kengele ikalia. Mlango ukafunguka, mhudumu akaingia mbio, na Mwalimu Anselmi akaachia mkono, akarudi kwenye nafasi yake. Mara thelathini na mbili ilikuwa hivyo.

Mara tisa za mwisho Mzee Gama aliita, na kengele haikulia, na hakuna aliyekuja. Alitukana mpaka sauti ikakauka. Mara ya tisa alichukua fimbo.

*Mbona siku hizi huji? Nikiita.*

Mashine isiyojua utani ilikuwa imemwita kila siku. Aliyejua utani ndiye aliyeziba masikio. Tusekile alilaza kichwa mezani, akalia kama mtoto, na hakuona aibu.

*

Kesho yake asubuhi alipiga magoti mbele ya kiti cha dirishani.

"Bibi, nimejua. Nionyeshe mkono."

Bibi Pude aliangalia huku na huku, kisha akakunja mkono wa gauni. Kuanzia kiwiko hadi kwapani palikuwa na alama za kucha, za zamani zikiwa njano, mpya zikiwa zambarau.

"Kwa nini hukusema, bibi yangu?"

"Ningesema mngemfanya kama Chengula." Alisema bila hasira. "Yule hanifinyi mimi. Akili yake imerudi shuleni, anamwadhibu mtoto fulani aliyekaa kiti chake. Mimi nina michubuko, mjukuu wangu. Michubuko inapona. Yeye mngemtoa ndani ya nafsi yake. Ndiyo nikamwapisha yule Mngoni afunge mdomo." Akatabasamu kidogo. "Akaufunga kwa namna yake. Mngoni bwana!"

Hapo ndipo Tusekile alipoona mtego wote. Dawa ilikuwa kali kiasi kwamba aliyeumizwa aliogopa kumtaja mgonjwa. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameshika jina hilo. Akinyamaza, punje inaingia kwa Gama. Akisema, inahama kwenda kwa Anselmi, mzee anayeota yuko kazini. Akikataa zote mbili na mtu akavunjika nyonga kesho kutwa, itakuwa mazishi ya sweta mara ya pili.

Sheria iliacha kamlango kamoja, na hakuna muuguzi mkuu aliyewahi kupenya humo. Kama madhara yametokana na kosa la makao yenyewe, hakuna mkazi anayewekewa punje. Makao hupewa siku thelathini kurekebisha, na kosa huandikwa kwa jina la mtu. Katika siku hizo, akiumia mzee hata mmoja, mtu huyo hatovaa tena sare ya uuguzi maisha yake yote.

"Naomba unisaidie kuhamisha viti," Tusekile akamwambia mhudumu wa zamu.

*

Mkaguzi Rwegoshora aliwasili kutoka mkoani saa saba na nusu, suti safi, kijisanduku cha chuma chenye punje mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona vitanda vingi vya waliosukumwa.

Alisoma maungamo ya Tusekile akiwa amesimama katikati ya ukumbi. Akasoma tena.

"Sista, unajua unachoandika hapa? Umejifunga kitanzi mwenyewe."

"Kengele niliizima mimi, Mkaguzi. Babu Gama aliita mara tisa, nami nilikuwa nimeziba masikio. Siwezi kumwadhibu kwa kunisubiri."

"Na huyu mwingine? Mara arobaini na moja!" Akashusha sauti. "Nilikuwepo ulipokuja mkoani ukalia kwa ajili ya nyonga ya yule bibi. Leo unaniambia tumwache afinyaye akae na afinywaye? Jina lako kwenye karatasi halitaunga mfupa wa mtu."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. "Halitaunga," akasema. "Ndiyo maana sitaki usome karatasi tu. Nataka uone. Naomba uketi."

Mkaguzi aliketi, kijisanduku magotini. Ukumbi ulikuwa umepangwa upya: pazia la kusini lilikuwa limeondolewa, na sasa madirisha mawili yalipata jua badala ya moja. Bibi Pude aliketi palepale pake. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba akae palepale. Mzee Gama aliketi upande wa pili, mikono juu ya fimbo, midomo imebana.

Dakika kumi zikapita. Mwalimu Anselmi akainuka.

Alivuka ukumbi kwa hatua za mtu anayekagua gwaride. Akainama sikioni mwa Bibi Pude. "Tafadhali, mwanangu." Mzee Gama alifumbua mdomo atukane, na kabla hajapata neno, kengele ikalia.

Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyenyanyua mkono. Balozi, aliyefundishwa na Tusekile jana jioni kusoma vidole, alikuwa ameona baridi ya bibi kizee na kupiga kelele.

Tusekile alikuwa ameshafika. Hakumshika Mwalimu mkono, hakumgombeza. Alisimama wima mbele yake kama kiranja.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu. Saa imefika na watoto wako nje. Nani atapiga kengele?"

Akamkabidhi kengele ya mkono, ya shaba, yenye mpini wa mti, aliyoiazima shule ya kijijini asubuhi ile.

Mwalimu Anselmi aliitazama. Kitu usoni mwake, kilichokuwa kimekunjamana kwa miezi, kikakunjuka. Aliipokea kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo, akaelekea kwenye kiti kipya karibu na mlango, chini ya dirisha la pili, ambako mhudumu alikuwa ameketi jirani kumngoja. Akaipiga, na ilisikika mpaka kwenye mashamba ya chai.

"Mimi hapa, mwalimu!" Mzee Gama akainuka na fimbo yake. "Nimechelewa, nilikuwa namkimbiza Mhehe, kaiba mbwa wa shule!"

"Mwongo huyo!" Bibi Pude akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Alikuwa shimoni anachimba panya! Mchape, mwalimu!"

"Kimya darasani," akasema Mwalimu Anselmi kwa furaha kubwa. "Wote kaeni chini. Leo hakuna kuchapwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka waliojua na wasiojua wanacheka nini. Hata Chengula, akiwa kwenye kona yake, aligeuza shingo kutazama kelele ile ilikotoka. Tusekile alisimama katikati akicheka na kulia kwa pamoja.

Mkaguzi Rwegoshora alikuwa bado amekaa. Baada ya muda alifuta miwani yake, akakisukuma kile kijisanduku chini ya koti.

"Siku thelathini," akasema. "Na mimi nitakuja kila wiki, si kwa kukuvizia. Hayo mambo ya vidole, niandikie vizuri. Kuna nyumba nyingine kumi na nne zinazosikiliza matusi tu."

*

Siku ya thelathini na moja Tusekile alikuwa anasaidia kufua mashuka. Hakuna mzee aliyeumia. Kule mbele kengele ya shaba ilikuwa imelia saa nne kamili, kama kawaida, na uji ulikuwa unanywewa. Kisha kikuku alichojivalisha tangu siku alipoiwasha tena kengele ya matusi ya Gama kikatetemeka, kikaandika: *Gama, L. Tusi la kikabila, kwa sauti kubwa, likijumuisha mbwa.*

Alikimbia. Alipita koridoni na mikono inayodondosha sabuni, akausukuma mlango wa ukumbi kwa bega. Mwalimu Anselmi alikuwa mlangoni pake, amelala na kengele mapajani. Mzee Gama na Bibi Pude walikuwa wameketi bega kwa bega dirishani, wanafuta machozi ya kicheko.

"Umekuja, Sista?" Mzee Gama akauliza.

"Nimekuja, babu."

"Pole na mbio. Hakuna kitu, ni utani tu."

"Najua," Tusekile akasema. Akapangusa mikono yake kwenye aproni, akainama, akamshika Bibi Pude vidole, kimoja kimoja, vyote kumi. Vilikuwa na joto.